Kutembea, mchakamchaka, vyuma au ngoma? Kuchagua zoezi la kichwa ukiwa Dodoma

Mdogo wangu mmoja wa ofisini ana mwezi wa tatu tangu ahamie Dodoma. Juzi tukiwa kwenye chai ya saa nne pale Mtumba akaniuliza, "Dada, zoezi gani linakata tumbo haraka?" Nikamtania kwamba tumbo lake halina kesi, wenye kesi ni zile chapati tatu. Akacheka, akakoroga chai ambayo hata hakuitia sukari, ndipo akasema alichotaka kusema tangu mwanzo. Tangu afike halali. Anapanda kitandani saa nne, saa nane yuko macho anahesabu mbao za dari. Mume yuko Dar, mtoto yuko Tanga kwa bibi yake, na kazini kila anachosoma inabidi akisome mara mbili.

Sikushangaa. Mwaka 2017 aliyekuwa anahesabu mbao ni mimi. Mwaka mmoja nyuma Serikali ilikuwa imetangaza kwamba safari hii kuhamia Dodoma si maneno tena, maana maneno yalikuwepo tangu 1973, nasi tukafunga mafaili tukaja. Nilijaribu mazoezi ya kila namna, na kila mara nilichagua kwa kuangalia tumbo. Tumbo bado ninalo. Kilichobadilika ni kichwa, na kilibadilika kwa namna tofauti kwa kila zoezi. Kwa hiyo nilimwambia: tumbo liache kwanza, niambie kichwa kinakusumbua wapi, tuchagulie hapo.

Haya ndiyo niliyomweleza, na mengine niliyokumbuka nikiwa ndani ya basi kurudi nyumbani.

Kuna yanayofanana kwa mazoezi yote. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini peke yake unakula karibu asilimia 20 ya nguvu tunayotumia tukiwa tumetulia. Moyo ukipata nguvu ya kusukuma damu vizuri, mlaji huyo ananufaika mapema. Mwili ukifanya kazi, protini moja inayoitwa BDNF huongezeka. Inazilisha seli za neva na kuzisaidia kuunganishwa, mfano wa samadi kwenye shina la mzabibu. Halafu kuna la tatu ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: mwili unajifunza kwamba moyo kwenda mbio si lazima iwe hatari. Mtu wa wasiwasi akisikia moyo unadunda anadhani anakufa. Ukishaudundisha mwenyewe mara tatu kwa wiki ukapanda ngazi, ukakimbia, ukarudi mzima, siku ukidunda kwa sababu ya simu ya bosi hutishiki kama zamani.

Kiasi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na misuli ifanyiwe kazi angalau siku mbili. Ukiona ni nyingi, wapo watafiti waliofuatilia zaidi ya Wanorwe 33,000 kwa muda wa miaka 11, na matokeo yao ya 2018 yalionyesha kwamba hata saa moja tu kwa wiki ilikwenda pamoja na kupungua kwa hatari ya kupata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Saa moja! Mtu anayekaa kwenye foleni ya benki ana saa moja.

Kutembea na mchakamchaka

Hivi viwili watu huvichukulia kuwa kitu kimoja, tofauti ikiwa mwendo tu. Kwa miguu, labda. Kwa kichwa, sivyo.

Kutembea ndilo zoezi lenye ushahidi mzuri kuhusu kumbukumbu. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kipande kinachoitwa hipokampasi, kimejikunja kama yule samaki farasi wa baharini, nacho ndicho kinachotunza kumbukumbu mpya. Uzeeni kinasinyaa kidogo kidogo kila mwaka. Mwaka 2011 wanasayansi wa Marekani walitoa matokeo ya watu 120 wa miaka 55 hadi 80. Nusu yao walitembea kwa haraka dakika 40, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Nusu nyingine walifanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Waliotembea, hipokampasi yao ilikua kwa asilimia 2 hivi. Waliojinyoosha, yao ikapungua kwa zaidi ya asilimia 1. Hawakupanda mlima wala kuvaa viatu vya bei, walitembea tu.

Zuri lingine la kutembea ni kwamba unaweza kufikiri. Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watu wakiwa wamekaa na wakiwa wanatembea, wakaona anayetembea anatoa mawazo mapya mengi zaidi, na matokeo hayo yalitoka 2014. Mwaka uliofuata, chuo hichohicho kikaonyesha kwamba waliotembea dakika 90 kwenye nyasi na miti walipunguza ile tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya, ilhali waliotembea kando ya barabara yenye magari mengi hawakupunguza. Tafadhali zingatia: eneo lile halikuwa msitu mnene, lilikuwa nyasi kavu zenye miti ya hapa na pale. Sisi wa nchi ya mibuyu tuna haki ya kutumaini.

Mimi nilitembelea barabara za vilima vya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, Jumapili jioni jua likishaanza kuchoka. Juu kule unauona mji wote umetandazwa chini kama mahindi juani. Nilikuwa napanda na hasira za wiki nzima, nikishuka nazo zimepungua nusu. Nusu, si zote. Kwa sababu kutembea kunakuachia nafasi ya kufikiri, na kama mawazo yako ni ya kukaba koo, nafasi hiyo inaweza kukugeuka. Kuna Jumapili nilishuka nikiwa nimeshamwandikia mtu ujumbe mrefu ambao sikupaswa kuutuma.

Hapo ndipo mchakamchaka unapoingia. Aliyesoma shule ya msingi nchi hii haelezwi: giza bado, kiranja anaanzisha, wengine mnaitikia, vumbi linapanda, na mwenye ndara zilizokatika anabaki nyuma na ndara mkononi. Klabu za jogingi za siku hizi, na fulana zao za sare, ni mchakamchaka uleule uliokua ukapata kazi. Ukikimbia huku unaitikia, mawazo hayana pa kukaa. Mdomo una kazi, pumzi ina kazi, macho yanatafuta shimo lililo mbele.

Tena kuna raha yake. Zamani tuliambiwa ile furaha ya baada ya kukimbia inaletwa na kemikali ya mwili inayoitwa endofini. Sasa wanasayansi wengi wanatilia shaka, kwa sababu endofini iliyo kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Wanaoshukiwa zaidi ni kemikali ambazo mwili unazitengeneza wenyewe na zinazofanana kwa kazi na zile za bangi. Ndiyo, bangi. Ukimwona mzee wa klabu anatabasamu peke yake saa moja asubuhi, usimfikirie vibaya.

Nikiviweka ubavu kwa ubavu: anayesahausahau, mwenye umri, mwenye magoti, au anayetaka kutatua jambo kichwani, atembee. Anayebanwa kifua kwa wasiwasi, asiyepata usingizi, mwenye mawazo yanayozunguka kama feni, akimbie, au aanze kwa kutembea na kukimbia kwa zamu. Lakini asianze kwa fujo. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuliotoka Pwani wiki za kwanza tunahema kabla wenzetu hawajaanza kutoka jasho. Alphonce Simbu, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, ni mtoto wa Singida, hapo jirani tu. Wewe si Simbu. Kipimo ni hiki: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukitoa maneno mawili ukakata pumzi, hayo ni makali. Na ukiimba wimbo mzima bila shida, ongeza mwendo, unawaonea wenzako.

Vyuma

Hapa nitakuwa mfupi, maana sikukaa sana. Miezi mitano, jimu ya mtaani, kioo ukuta mzima na muziki wa kupasua masikio. Vijana wananyanyua huku wanajitazama, nami najitazama natamani nisijione.

Ila haki ya vyuma nitaitoa. Mwaka 2018 zilijumlishwa tafiti 33 zilizohusu karibu watu 1,900, ikaonekana mazoezi ya kunyanyua uzito yanapunguza dalili za sonona. Na huko Vancouver, Kanada, wanawake wa miaka 65 hadi 75 waliofanya vyuma mara moja au mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja walipimwa uwezo wa kushika jambo moja bila kuyumbishwa na mengine, wakawazidi wenzao waliofanya mazoezi ya kujiweka sawa na kujinyoosha. Mara moja kwa wiki! Kwa hiyo kama tatizo lako ni lile la kusoma barua mara mbili, vyuma vina neno la kukuambia.

Faida nyingine niliiona mwenyewe. Vyuma vina hesabu. Wiki hii kilo 10, mwezi ujao 12. Mtu aliyekata tamaa anahitaji sana kuona namba inayopanda, hata kama ni ya chuma. Ukilinganisha na kukimbia, vyuma havijali upepo wala mvua ya Januari. Ukilinganisha na kutembea, vinataka ada na vinataka mtu wa kukuelekeza, la sivyo mgongo utakuja kudai. Ukikosa ada, ndoo mbili za maji na pushapu za ukutani zinatosha kuanzia. Wanawake wa Ntyuka wanaobeba maji kichwani watakushangaa unalipia.

Ngoma

Hili sikulitafuta. Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Chamwino, ana miaka 70 na ushee, na mpaka leo akisikia muheme unapigwa anaacha alichoshika. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa mgeni bado, najua salamu za Kigogo, "mbukwa" na "mbukwenyi", basi. Muheme ni ngoma ya wanawake: wanazibana ngoma katikati ya mapaja, wanapiga kwa mikono, na huku wanatembea. Kila mmoja ana mdundo wake, na midundo hiyo inaingiana kama nyuzi za mkeka. Ukikosea wewe mmoja, wote wanakugeukia. Mama akaniambia, "Njoo, mwanangu, simama hapa." Nikasimama. Nikapoteana ndani ya dakika moja.

Nilitoka jasho kuliko siku yoyote ya jimu, na jioni ile nikagundua nimekaa saa mbili bila kuwaza ofisi.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Kukimbia ni hatua moja inayorudiwa mara elfu. Ngoma inakutaka ukumbuke mpangilio, usikilize, uangalie mwenzako, ugeuke kwa wakati, usawazishe mwili, na uimbe juu yake. Ni mazoezi na mtihani kwa pamoja. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya wazee 469 wa New York, wote wamepita miaka 75, waliofuatiliwa takribani miaka mitano. Katika shughuli zote za mwili walizoulizwa, pamoja na kutembea na kuogelea, iliyoonekana kwenda pamoja na kupungua kwa hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ilikuwa kucheza dansi. Sasa, mwenye akili atasema: labda wanaocheza ndio wale ambao bado wazima. Ni kweli, utafiti wa namna ile hauwezi kuumaliza ubishi huo. Lakini Magdeburg, Ujerumani, walichukua wazee wakawagawa, kundi moja wakajifunza dansi mpya kila mara, kundi jingine mazoezi ya kawaida ya viungo. Baada ya miezi 18 hipokampasi zilikua kwa makundi yote mawili, ila waliocheza ndio pekee walioboresha uwezo wa kusimama bila kuyumba. Mzee asiyeyumba haanguki, na asiyeanguka hakai kitandani.

Ningemshauri mtu yeyote mwenye mzazi aliyeanza kusahau: usimnunulie mashine ya kukimbilia. Tafuta kikundi cha ngoma, kwaya ya kanisani inayocheza, au hata sherehe za kitongoji ambako atachangamana na wenzake. Ukiwa mgeni na hujui pa kuanzia, Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, nenda tu utazame kwanza. Muheme una udhaifu mmoja mkubwa: huwezi kuupanga Jumanne saa kumi na mbili na nusu. Unakuja na msimu, na sherehe, na watu. Kwa mtu wa ofisi hilo ni tabu, kwa hiyo wengi mjini wanaishia kwenye aerobiki za uwanjani, ambazo ni binamu yake wa mjini. Si mbaya. Zinakosa ngoma tu.

Peke yako au na watu, asubuhi au jioni

Nikikwambia ukweli, swali hili lina uzito kuliko yote ya juu. Mwaka 2018 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa taarifa za Wamarekani milioni 1.2. Wanaofanya mazoezi waliripoti siku chache za kusumbuliwa kiakili kuliko wasiofanya, tofauti ya karibu asilimia 43, na michezo ya timu ilikuwa juu kabisa kwenye orodha. Dakika 45 hivi, mara tatu hadi tano kwa wiki, ndipo palipoonekana pazuri. Kuzidisha sana hakukuongeza kitu.

Michezo ya timu: netiboli, mpira wa veterani, voliboli ya ofisini. Sababu yake wala haihitaji maabara. Nilipotembea peke yangu UDOM, nikikosa Jumapili hakuna aliyejua. Nilipokosa jogingi mara mbili, mama mmoja wa klabu alinipigia: "Vipi, mwenzetu, unaumwa?" Kwa mtu aliyehamishwa, aliyeacha shoga na majirani wa miaka kumi Dar, simu hiyo ilikuwa nusu ya dawa. Mpweke achague zoezi lenye mtu atakayemuulizia. Lakini aliyechoshwa na watu, anayeshinda dirishani akihudumia foleni, huyo kundi litamchosha zaidi. Atembee peke yake na simu aizime.

Kuhusu saa: asiyelala vizuri aende asubuhi, kwa sababu mwanga wa asubuhi unaiweka sawa saa ya mwili na usiku unakuja na usingizi wake. Shida ni kwamba Juni na Julai jua la Dodoma linachomoza kama saa moja kasoro robo hivi, na baridi yake watu wa Pwani hawajaizoea. Saa kumi na moja alfajiri ni giza totoro, bodaboda wengine hawawashi taa, na mbwa wa mtaani ndio wanaojiona wenye mji. Mwanamke asiende peke yake. Jioni ni salama zaidi kwa macho, ila kipindi cha kiangazi upepo unabeba vumbi, na mazoezi makali ukiyamaliza nusu saa kabla ya kulala yanaweza kukuacha macho yakimeta. Mimi nilikata shauri hivi: wiki alfajiri mara mbili na wenzangu, Jumapili jioni natembea peke yangu.

Pale ambapo kuchagua zoezi si jibu

Kuna utani mmoja wa Dodoma siupendi. Ukisema kichwa hakiko sawa, mtu anakujibu, "Mirembe si hapo tu?" Kana kwamba ni tusi. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, na wapo wanaokwenda asubuhi wakaonana na daktari, wakarudi kazini mchana. Kama umekosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili na zaidi, huli, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, usianze na viatu. Anza na daktari, leo, na umwambie mtu wa karibu. Mazoezi yanasaidia hata hapo. Mwaka 1999 kulikuwa na utafiti wa wagonjwa 156 wenye sonona, watu wazima wa miaka 50 na kuendelea, na baada ya wiki 16 waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya waliotumia dawa, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Hao walikuwa chini ya uangalizi wa wataalamu lakini. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amesoma maneno yangu. Na mwenye presha au moyo apime kwanza.

Basi mdogo wangu alisikiliza yote hayo chai ikapoa. Nilidhani atachagua jogingi, maana halali na hana watu. Akaniuliza kama mama mkwe anapokea wageni. Nikamwambia anapokea, ila mwezi huu hakuna ngoma, watu wako shambani. Akafikiri kidogo, akasema basi hiyo jogingi mpaka ngoma ipatikane, na tumbo tutalijadili Desemba.

Jumamosi saa kumi na mbili kasoro robo, kona ya barabara ya Ilazo. Nimemwambia alete sweta, na zile chapati ale baada ya kukimbia.